Flashi ya Mchana na Kitwitwi wa Hirizi

Shika simu vizuri na usiruke mistari. Hadithi hii huenda umeshaipata kwa mtu mwingine ikiwa imekatwa mkia, wengine wakisema ndege alikuwa bata, wengine wakisema ni kuku wa mtu. Mimi ninayo nzima. Katika pwani yote ya chumvi tunaoijua kuisimulia ni wawili, na yule mwenzangu husahau katikati. Ukimaliza, mpelekee na mwingine, ila mpelekee yote.

Palikuwa na kijiji kando ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Magharibi ya hori walikaa watu. Mashariki yake yalikuwa mashamba ya chumvi ya tajiri mmoja aliyeitwa Bwana Lali. Katikati ulikuwa uwanda wa tope, ambao maji yakitoka ulibaki mweusi na laini kama unga wa kukandwa. Watu waliuita Topeni. Hapo ndipo kina mama wa kijiji walipookota kombe na chaza. Mjane alikula kwa Topeni. Mwenye mume mvivu naye alikula kwa Topeni, na hao walikuwa wengi kuliko wajane.

Siku moja Bwana Lali akatangaza kwamba mashamba yake yamembana. Alitaka kuinua tuta, alizungushe Topeni yote, aingize maji ya bahari yakauke yawe chumvi. Karatasi alikuwa nazo, zenye mihuri ya rangi tatu.

Mkubwa wa kina mama alikuwa Bi Mbeyu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya hori bila kuinua shingo. Akafunga leso yake akaenda mjini kwa afisa wa mazingira. Afisa huyo aliitwa Bi Nekesa, mtu wa bara, hacheki ovyo, na alichokiandika hakifuti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kuwa tope tupu halimzuii mtu, lakini ndege aliyeandikwa anaweza kumzuia. Kama yupo ndege aliyevishwa alama na wataalamu miaka ya nyuma, na bado anarudi papo hapo Topeni, basi pale ni kituo cha ndege na tuta halitainuliwa. Iletwe picha. Herufi za alama zisomeke, na mahali paonekane kuwa ni Topeni. Yeye angekuja Jumamosi asubuhi kuamua.

Bi Mbeyu alirudi akicheka peke yake njiani, maana ndege huyo walimjua. Alikuwa kitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni wenye miguu ya njiti, wanaokimbia kama waliosahau kitu mbele. Huyu mmoja alikuwa na kipande cha plastiki ya kijani mguuni. Kwa miaka mitatu kina mama walikuwa wakimwita Kitwitwi wa Hirizi, wakiamini kuna mganga huko Ulaya anayewafunga ndege wasipotee njia. Dama, mdogo wake Bi Mbeyu, aliwahi kumnuizia ndege huyo ili apate mume. Mume akapatikana, ingawa naye ni katika wale niliokwisha kuwataja.

Basi akatafutwa mpiga picha. Wa karibu alikuwa mmoja tu, Fundi Shebwana, na kazi yake ilikuwa harusi na picha za vitambulisho. Kamera yake ilikuwa nzuri. Flashi yake ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli isidondoke. Sifa yake nayo ilihitaji kufungwa mpira. Kila bibi harusi aliyepita mbele ya flashi ile alitoka mweupe kuliko alivyozaliwa, na watu walisema wazi kuwa Fundi Shebwana picha zake huzitia chumvi. Yeye aliwajibu kuwa wenyewe ndio wanaotaka.

Sasa sikiliza ugumu ulipo, maana hapa ndipo yule mwenzangu hupotea.

Wiki ile maji yalikuwa yakijaa asubuhi, saa mbili kuelekea saa tatu. Yakijaa, tope linazama, na ndege wote wanasogea kusimama kwenye fungu dogo la mchanga karibu na mikoko. Yakitoka, wanatawanyika mbali, huwaoni ila nukta. Kujaa kwa pili ni usiku. Kwa hiyo nafasi ilikuwa asubuhi peke yake, na asubuhi jua liko mashariki, nyuma ya ndege. Huko nyuma tena zimesimama chungu za chumvi, zinang'aa kama meno ya bandia. Ukitaka kuzunguka ili jua likae mgongoni mwako, lazima uingie kwa Bwana Lali. Huko alikuwepo mlinzi, Nzaro, mwenye rungu na pama kuukuu, kofia pana aliyopewa na tajiri wake. Kina mama walimbembeleza Nzaro. Akawaambia kwa upole kwamba angewafungulia, ila watoto wake nao wamezoea kula.

Jumatano Fundi Shebwana akalala kifudifudi kwenye tope la ukingoni, penye mikoko, akajiburuta mpaka akabakiza hatua saba. Kitwitwi wa Hirizi alikuwepo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na ule wenye alama ameuficha ndani ya manyoya. Fundi akangoja. Kaa wakamtembelea mgongoni, naye akangoja. Mwisho ndege akashusha mguu, akapigwa picha kumi na mbili, na Fundi akarudi kwa kina mama amepakaa tope mpaka kope.

Bi Mbeyu akaitazama picha chini ya kivuli cha leso yake.

"Fundi," akasema, "hiki ni kitwitwi, au ni kokwa ya embe imewekewa miguu?"

Ndege alikuwa mweusi ti. Maji yanameta, chumvi inameta, yeye ni kivuli kitupu, na alama iliyokuwa chini ya tumbo imemezwa na giza. Fundi akawaeleza kuwa kamera ina tabia ya mtu. Ukimkabilisha na jua anafumba macho, na aliye mbele yake hamtambui. Ukiilazimisha kufumbua, utamwona ndege, lakini maji na mikoko na chungu za chumvi vyote vitageuka karatasi nyeupe. Afisa atauliza hapa ni Topeni au ni shuka. Dawa yake ni moja, akasema. Kesho atakuja na flashi, ampigie ndege mwanga wa mbele wakati jua liko nyuma.

Kina mama walicheka mpaka kombe zikamwagika. Flashi wao waliijua. Ilikuwa kitu cha ukumbini, usiku, bibi harusi anaposhuka ngazi. Dama akamuuliza kama na jua nalo atalipelekea kiberiti, lisije likamzimikia kazini.

"Wanaita flashi ya kujazia," Fundi akajitetea. "Inajazia pale palipopungua."

"Mchana huu umepungua nini, baba?"

Fundi akaanza kufuta tope kwenye lenzi. Mimi ningejibu, lakini sikuulizwa.

Alhamisi akaja nayo. Akajiburuta tena, akafika tena hatua saba, akabonyeza. Fundi alikuwa na mkono wa harusi, na mkono wa harusi haujui kidogo. Flashi ililipuka kwa nguvu zake zote. Vitwitwi mia tatu wakaruka kwa pamoja kama mtu amekung'uta mkeka, wakazunguka hori mara mbili, wakaenda zao. Katika picha, ndege alikuwa mweupe kama aliyeangukia kwenye gunia la unga. Ile plastiki ya kijani ilikuwa imerudisha mwanga wote, ikang'aa kama kioo, na herufi hakuna.

Hapo hakucheka mtu. Ilibaki siku moja, na ndege wamekimbizwa. Tena ulikuwa mwezi wa nne, wakati vitwitwi hujinenepesha na kuondoka bila kuaga.

Bi Mbeyu akamrudishia kamera. "Wewe umemtia chumvi kwa beleshi."

"Nimejazia, Bi Mbeyu."

"Kujazia si kumwaga. Mtu akikwambia jazia chumvi kwenye mchuzi, unatia kidogo unaonja. Ukila ukaisikia chumvi kabla hujamsikia samaki, imezidi. Mchuzi ukiwa mzuri watu husifu samaki."

Fundi alienda nyumbani na maneno hayo. Jioni akaishika flashi yake akaitazama kama aliyeikuta barabarani. Nyuma yake ilikuwa na kijigurudumu chenye alama tatu: nzima, nusu, robo. Robo hakuwahi kuigusa tangu aipate. Harusini hakuna anayeomba robo.

Ijumaa maji yakajaa, na fungu la mchanga likabaki tupu. Saa mbili, hakuna ndege. Saa mbili na nusu, hakuna. Kina mama walikaa kimya ukingoni, na kimya cha Bi Mbeyu kilikuwa kitu cha kutisha, maana hakijawahi kusikika. Maji yalipokuwa karibu kugeuka wakaja, kwanza kumi, halafu hamsini, na katikati yao yule wa kijani. Akasimama kwa mguu mmoja. Ule wenye alama akaukunja ndani, akafumba jicho, akalala.

Fundi alikuwa ameshafika hatua zake saba. Hakupumua. Maji yakaanza kutoka. Ndege wa pembeni wakaanza kushuka kwenye tope, mmoja mmoja. Ndipo sikio likamwasha yule aliyelala. Akashusha mguu wa alama ili asimamie, akainua ule mwingine ajikune. Fundi akabonyeza, flashi ikiwa kwenye robo.

Hakuruka hata mmoja. Wa karibu aligeuza shingo, akaona halimhusu, akaendelea na yake.

Bi Mbeyu aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Maji yalikuwa maji, mikoko ilikuwa mikoko, chungu za chumvi ziko nyuma pale pale. Kitwitwi alikuwa na rangi yake ya udongo, tumbo lake linaonekana, na ndani ya jicho kulikuwa na tone la mwanga dogo kama punje ya mtama. Mguuni imeandikwa U7K, hata asiyesoma angeichora.

"Flashi iko wapi?" akauliza.

"Imo humo."

"Siioni."

"Sikuitia ionekane."

Jumamosi saa mbili na nusu Bi Nekesa akafika kwenye uwanja wa chumvi wa Bwana Lali, maana ndipo palipokuwa na kivuli cha banda na meza. Bwana Lali alikaa upande wake, pama jipya kichwani, kitambulisho cha kampuni kifuani. Kina mama walisimama upande wao. Nzaro alikuwa mlangoni na rungu lake, naye kavaa kitambulisho kama hicho.

Afisa akaipokea picha, akaitazama, akasogeza miwani. Ilionekana ameridhika. Bwana Lali akaomba kusema.

"Bi Afisa, mimi sina neno na ndege. Lakini aliyepiga picha hii alimpiga mke wangu siku ya harusi yetu, na mpaka leo wageni wakiiona picha ukutani huniuliza yule mke wa kwanza alikwenda wapi. Muulize tu kama hii nayo haikutiwa kitu."

Watu wakacheka, hata kina mama wawili watatu ambao hawakutaka. Afisa hakucheka. Akaiweka picha mezani, akamgeukia Fundi.

"Picha hii umeitia kitu?"

Dama alikuwa nyuma ya Fundi. Akamnong'oneza aseme hapana, kwani nani atajua, hata Bi Mbeyu mwenyewe flashi hakuiona. Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Neno moja tu, na Topeni inabaki. Neno lile jingine, na watu waliomwamini wanarudi nyumbani na vikapu vitupu. Fundi Shebwana, mtu aliyewadanganya maharusi mia na kulala usingizi mzuri, akaitazama ile picha pale mezani.

"Nimeitia," akasema. "Nimeitia taa. Robo."

Bi Mbeyu akafumba macho. Bwana Lali akafungua mikono kwa watu wote, kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni chakulani.

"Amekiri mwenyewe. Taa, mchana, jua limewaka. Mtu mwenye picha ya kweli atataka taa ya nini?"

Afisa akaanza kulifunga jalada. Alisema kwa sauti ya huruma kuwa hawezi kukubali picha iliyoongezwa kitu.

Fundi akaomba neno moja kabla halijafungwa. Akavua kamera shingoni akampa afisa mwenyewe, asije akaambiwa amefanya kiinimacho. Akamwomba Bwana Lali asimame nje ya banda, jua na chungu ya chumvi vikiwa nyuma yake, afisa ampige mara mbili: moja bila flashi, moja kwa flashi ya robo. Halafu Nzaro naye asimame papo hapo, naye apigwe mara mbili vile vile. Bwana Lali hakuona ubaya, alipenda kupigwa picha. Nzaro alimtazama tajiri wake kwanza, akakubaliwa, akaliacha rungu mlangoni, akaenda kusimama na pama lake kuukuu.

Afisa akabonyeza mara nne. Kisha Fundi akamwonyesha pa kubonyeza ili zitokee pamoja zile mbili zisizo na flashi, akarudi nyuma hatua tano. Afisa akamsogezea Bwana Lali kamera chini ya kivuli cha banda.

Walikuwa watu wawili weusi ti, wamevaa pama, nyuma yao kunawaka. Nyuso hakuna. Vifuani kuna vitambulisho, maandishi hakuna.

"Bwana Lali, wewe ni yupi?" afisa akauliza.

Bwana Lali hakusita. Akaweka kidole kwenye yule wa kulia.

"Huyu. Mtu mwenye mali hata kivuli chake kinasimama vizuri. Huyo mwingine mtazame, amepinda kama anasubiri kufukuzwa."

Afisa akabonyeza ile ya flashi, ya huyo huyo wa kulia. Uso ukatoka, masharubu yakatoka, na kifuani ikasomeka: NZARO, MLINZI.

Nzaro ndiye aliyekuwa na hofu kuliko wote, maana hakujua kama kusimama vizuri kuliko tajiri ni kosa la kazi.

Bwana Lali akakohoa. "Ni jua tu hilo. Jua lilikuwa mgongoni."

"Na ndege," afisa akauliza, "jua lilikuwa wapi?"

Bwana Lali akatazama hori, akatazama chungu zake za chumvi, akatazama viatu vyake.

"Mgongoni," akasema.

Bi Nekesa akalifungua jalada tena. Akaishika picha ya kitwitwi kwa mkono mmoja na orodha ya wataalamu kwa mwingine, akatembeza kidole chini mpaka kikasimama. U7K. Aliyevishwa alama hapo hapo Topeni miaka mitano iliyopita.

"Aliyeongeza taa hajaongeza ndege," akasema, na akaandika. Tuta likabaki lilipokuwa, kwenye karatasi.

Kina mama hawakupiga kigelegele siku ile. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka, na kila mmoja alikuwa anatafuta kikapu chake. Nzaro alimvizia Fundi njiani, akamwomba amsafishie nakala. Fundi akadhani anataka ile ya flashi, yenye uso wake. Nzaro akakataa, akasema uso wake mkewe anaujua. Alitaka ile ya giza, iliyomfanya awe tajiri kwa dakika moja.

Funzo: Mwanga ukiwa mwingi usidhani kila kitu kimeonekana, kwa maana kuna ukweli uliosimama upande wa kivuli; anayeumulikia kwa kiasi, na kukiri kwamba ameumulikia, hajautia chumvi, bali amekuondolea giza lililokuwa likikudanganya.